Mtega bata anayeushukuru msimu uliokosa bata

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Mashti Sabzali Rostami ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya ukuta wa matete, akirusha punje za mpunga majini moja moja kama anayevuta tasbihi. Mbele yake bata wake wa kufugwa, kumi na sita, wanaogelea kuingia kwenye mfereji mwembamba. Nyuma yao, kwa kusitasita, wanafuata bata wa mwitu wenye vichwa vya kijani.

Hatua tano kutoka alipo, shemeji yake Eynullah ameshika kamba ya wavu. Yeye hawatazami bata. Anakitazama kidole cha Mashti.

Kidole kinainuka. Kamba inavutwa. Maji yanachafuka kwa vishindo vya mabawa, kisha yanatulia.

"Wangapi?" anauliza Mashti, bado kwa kunong'ona.

"Thelathini na moja. Na yule wako anayechechemea ameingia tena wavuni."

"Mtoe polepole. Huyo anapenda kubebwa."

Ni katikati ya Februari. Kwa kawaida, wakati kama huu watega bata wa kijiji cha Narenjkola, karibu na pwani ya Bahari ya Kaspi, huwa wanajiandaa kufunga msimu. Mwaka huu ndio kwanza wameuanza.

Mashti ana miaka sitini na mitatu, na arobaini kati ya hiyo ameimaliza katika kipande hiki cha mashamba ya mpunga. Mavuno yakiisha mwezi wa tisa, wakulima hufungulia maji, mashamba yanageuka bwawa, na watu wanasubiri baridi iwalete wageni kutoka Siberia. Bata wa kufugwa ndio chambo: huruka kwenda kuchanganyika na wenzao wa mwitu, kisha hurudi nyumbani kula, na wageni wakiwa nyuma yao.

Msimu mzuri humpa bata elfu moja na mia mbili, na bata bukini wachache. Madume wawili walionona huuzwa sokoni karibu tomani milioni moja, kwa fedha ya huko, na mama wa Kimazandarani, mwenyeji wa pwani hii, anayepika mchuzi wa kokwa za jozi na komamanga hatakubali bata aliyepigwa risasi. Anamtaka aliyekamatwa hai na kuchinjwa.

Lakini majira yaliyopita ya majani kupukutika yalikuwa na joto la ajabu. Hadi mwisho wa Novemba mbu walikuwa bado wanauma. Mashina ya mpunga yaliyokatwa yalichipua upya, na wakulima ambao hawakufungulia maji wakavuna mara ya pili.

"Bata hapendi safari," anasema Mashti. "Anasafiri kwa sababu maji ya kwao yamegeuka jiwe. Kama kule ziwa liko wazi na chakula kipo, aje kwangu kufuata nini? Uzuri wa sura yangu?"

Kufikia wiki ya kwanza ya Desemba alikuwa amekamata bata thelathini na saba tu. Mkewe, Mahrokh, alimwambia ayaache maji yaende, wapande majani ya kulisha ng'ombe.

"Nilimwambia, Mashti, unachunga maji matupu," anakumbuka Mahrokh. "Akanijibu, 'Subiri wiki moja.' Wiki moja yake nimeizoea. Haina siku saba."

Wakati huo Mashti na Eynullah, ndugu wa Mahrokh, walikuwa hawajasemeshana kwa miaka tisa.

Chanzo kilikuwa kikohozi. Mitego yao imepakana, imetenganishwa na uzio wa matete, na sheria ya mashamba yale ni kimya: hakuna kuzungumza, hakuna moto, hakuna pikipiki. Asubuhi moja, kundi la bata karibu mia nne lilikuwa linaingia kwenye mfereji wa Mashti, kundi ambalo hajaliona tena hadi leo. Upande wa pili Eynullah akakohoa. Kundi lote likainuka.

Jioni ile, mbele ya watu waliojaa kwenye mgahawa wa chai, Mashti alisema shemeji yake amekohoa kwa makusudi. Eynullah aliweka glasi yake chini, akatoka, na hakukanyaga tena nyumba ya dada yake.

"Ndugu yangu nilikuwa nampelekea sahani ya chakula kwake siku ya mwaka mpya," anasema Mahrokh. "Kijiji kimoja, vyungu viwili."

Asubuhi ya tarehe tano Desemba, Mashti alikuwa amesimama juu ya ubao akirekebisha wavu alipohisi kama mtu amemkalia kifuani. Alianguka majini. Maji yalimfika kiunoni tu, lakini mguu ulinasa kwenye kamba na mkono wa kushoto ulikataa kumtii.

Hapo ndipo anapotikisa kichwa kwa kujishangaa. Hakupiga kelele.

"Miaka arobaini nimefunzwa nisipaze sauti mahali pale. Nakufa, na bado nanong'ona. Nikawa napiga maji kwa kiganja, pa, pa, kama mtoto anayeoga. Mwisho nikajiambia, wewe mzee, unamwogopa bata gani? Hayupo hata mmoja."

Akaita jina. Si jina la mkewe. Aliita "Eyn," jina alilomwita shemeji yake walipokuwa vijana wakivua samaki pamoja.

Mwaka wa baridi, saa ile Eynullah angekuwa amejifungia ndani ya kibanda chake cha matete, jicho kwenye tundu, akidhani kila kishindo cha maji ni ndege. Siku ile hakuwa na cha kuvizia. Alikuwa nje amevua koti, anakunywa chai.

"Nilisikia bata wake wanapiga kelele, nikapuuza," anasema Eynullah, mwanamume mfupi mwenye miaka hamsini na minane. "Halafu nikasikia 'Eyn.' Hakuna anayeniita hivyo. Sikuzunguka uzio. Nilipita katikati yake."

Alimkatia kamba mguuni, akamlaza kwenye mtumbwi, akausukuma hadi barabarani, akasimamisha gari la mtu aliyekuwa anapeleka machungwa sokoni. Mashti alifika hospitalini amelala juu ya masanduku ya machungwa. Daktari aliuzibua mshipa wa moyo siku hiyohiyo.

Daktari huyo alimweleza Mahrokh neno ambalo hajalisahau. Kwa moyo ulivyokuwa, maji ya Desemba ya kawaida yangemmaliza kabla mtu hajamfikia. Yale yalikuwa vuguvugu.

Siku ya tatu Eynullah aliingia wodini, kofia mkononi, akasimama mlangoni. Mahrokh alijifanya anapanga dawa.

"Bata wangu wamekula?" aliuliza Mashti. Ukiacha lile "Eyn" la majini, ndilo neno la kwanza baada ya miaka tisa.

"Wamekula kukushinda wewe. Mbweha alikuja jana usiku, nimelala palepale bandani."

Mashti akatazama dari.

"Eyn. Kile kikohozi kilikuwa kikohozi tu. Nilijua tangu siku ileile."

"Nilikuwa na mafua, Mashti," alijibu Eynullah. "Miaka tisa nataka kukwambia nilikuwa na mafua."

Mahrokh anasema alitoka nje ya wodi kwa sababu alicheka, na kucheka kukageuka kilio.

Baridi ilifika mwishoni mwa Januari. Siku tatu upepo wa kaskazini, theluji kwenye michungwa, na asubuhi ya nne bata wakasikika angani kabla hawajaonekana. Mashti, ambaye amekatazwa kuingia majini na kuvuta chochote kizito, alitoka uani na shali ya mkewe mabegani, akasimama kusikiliza.

Tangu hapo wanatumia mtego mmoja. Mmoja anatoa akili, mwingine mgongo, kama Eynullah anavyosema, na kila siku wanabishana nani anatoa nini. Hadi leo wamepata bata mia mbili na kumi. Ni sehemu ya sita ya msimu mzuri, na wanagawana nusu kwa nusu.

"Watu wananipa pole kwa mwaka mbaya," anasema Mashti. "Nawaambia, hamjui hesabu. Kama bata wangekuja mapema, ningekuwa nimelala makaburini na shemeji yangu ana hasira na maiti. Mungu alinizuilia ndege, akanipa hiki kifua kinachopumua."

Msimu ujao wamekubaliana kutoifuata tena desturi ya zamani kwa upofu. Nusu ya mashamba yao itaachwa bila maji hadi Desemba. Joto likiwapo watavuna mpunga wa pili, baridi ikija watafungulia maji. Na mwaka huu hawatayatoa maji hadi baada ya mwaka mpya wa kwao, unaoangukia mwezi Machi, ili ndege waliochelewa kuja wapate kula na kushiba kabla ya kurudi.

Jikoni kwa Mahrokh, ndani ya kikapu kando ya jiko, kuku anaatamia mayai kumi na manne ya bata chambo, saba kutoka banda la Mashti na saba kutoka banda la Eynullah. Kifaranga wa bata huifuata sauti anayoisikia kwanza, kwa hiyo kila jioni wanaume hao wawili huja kukaa karibu na kikapu, wanakunywa chai na kuzungumza.

"Nataka wazijue sauti zote mbili tangu ndani ya yai," anasema Mashti, akikivuta kiti chake karibu kidogo. "Nikitangulia mimi, wasibaki wanamtafuta mtu. Waende kwa Eyn."

"Utangulie wapi?" anauliza Eynullah. "Kunywa chai, ongea. Wanasikiliza."