Kofia Yenye Moshi

Jana nimerudi likizo hapa Isevya, na kabla sijavua viatu nikasikia harufu ya wanga wa muhogo ukichemka. Kama ulilelewa nyumba inayoshona kofia, hapa Tabora au popote, utanielewa.

Nilikuwa na miaka saba mama aliponiasili kutoka Burundi. Sikuwa nasema. Maneno yalikuwepo, ila yaliishia kooni. Mama akienda dukani, nilibaki uani na bibi, yeye anashona kofia za mkono, mimi namkorogea wanga wa kuzikazia. Tulikula karanga za kuchemsha, maganda tunawatupia kuku. Hakuniuliza kitu. Alipenda tu kusema, "Uzi ukiuvuta kwa hasira, unakatika."

Idd ilipokaribia akanipa kitambaa cheupe na penseli. "Babu yako anataka kofia mpya. Chora wewe, tushone."

Nikachora milima ya kwetu, nyumba yetu, na moshi.

Jirani, ambaye kahawa ya bibi haikumpita hata asubuhi moja, akachungulia, akacheka. "Shoga, kofia gani hii ina jiko?"

"Si mama yake anapika," bibi akanitetea.

"Sio wa kupika," nikasema.

Jirani akaweka kikombe chini. Bibi alinitazama, kisha akatunga uzi. "Haya, mwanangu. Basi tutashona huo huo."

Akawa anatoboa kitundu, mimi nakizungushia uzi, kimoja baada ya kingine, mpaka moshi ukaisha. Nililia nikishona. Alinifuta kwa ncha ya kanga, akanirudishia sindano.

Siku ya Idd babu akaivaa msikitini. Nilimsubiri mlangoni, roho juu, nikijua wamemcheka. Akarudi kifua mbele. "Wameniuliza milima ya wapi. Nimewaambia, ni kwao mjukuu wangu."

Siku hizi jirani amehama, na bibi haoni tena tundu la sindano, namtungia mimi. Sura ya mama aliyenizaa imeshanitoka, sikufichi. Hata kofia imefuliwa mpaka nyuzi zimeachia, na moshi ndio uliotangulia kutoka.

Leo asubuhi babu ameniletea niitengeneze.

"Na moshi, babu?"

"Mwenye nyumba ni wewe."

Nimekaa pale pale uani, karanga pembeni. Nimeanza na mlango.