Rauta ya Mwalimu Edinah

Katika sebule ya Mwalimu Edinah Nakhumicha kila kitu kilikuwa na kitambaa chake. Makochi yalikuwa na vya rangi ya maziwa, meza ilikuwa na kimoja kikubwa cha duara, na hata chupa ya chai ilivaa kofia ya sufu. Vyote alivifuma mwenyewe. Kwa miaka mingi alifundisha sayansi kimu katika shule za upande wa Mabanga, karibu na Bungoma, na jioni akiwafundisha akina mama wa vikundi kufuma. Alipostaafu alimfuata mumewe, Mzee Bramwel, huko Kitale alikokuwa akiuza mahindi, wakajenga nyumba Kibomet, mtaa wa pembeni mwa mji huo. Mzee alipofariki, alirudishwa Mabanga akazikwa katika shamba la ukoo. Edinah akarudi Kibomet peke yake.

Mtoto wao wa pekee, Hillary, alikuwa Kanada. Hakuja mazishini. Karatasi zake za kuishi kule zilikuwa hazijakamilika, na kama angetoka asingeruhusiwa kuingia tena. Mwaka uliofuata, 2009, alimtumia mama yake kompyuta ndogo na rauta, kile kisanduku chenye taa kinachorusha mtandao, akailipa kampuni moja ya mjini imletee intaneti hadi nyumbani. Edinah aliiweka rauta ndani ya kabati la ukutani, kando ya redio ya Mzee ambayo haikuwa ikiwashwa tena. Kitambaa cha redio, kizito, cheupe chenye ukingo wa manjano, akakihamishia kwenye rauta. Aliona haya kuacha kitu cha mtoto wake kikae uchi kikipigwa na vumbi.

Aliiwasha Jumapili tu, akishatoka kanisani. Hapo kulikuwa asubuhi kule Kanada, na Hillary alikuwa anakunywa chai kabla ya kwenda zamu. Walianza na salamu, wakaja kwa mvua, wakaja kwa mahindi na habari za majirani. Kisha kila mara Hillary aliuliza, "Mama, siku ile ya kumzika Baba, watu walisema nini?"

Na hapo mtandao ulikatika. Uso wa Hillary uliganda mdomo ukiwa wazi, halafu ukapotea. Edinah aliinuka, akafunua kitambaa kutazama taa, akazima, akawasha. Taa ziliporudi, Hillary alikuwa ameshatoka kwenda kazini.

Ilitokea hivyo Jumapili baada ya Jumapili, mpaka ukaja ujumbe kwenye simu yake: "Mama, kama hutaki nimtaje Baba, sema tu. Usinikatie. Nitaacha kupiga."

Edinah aliusoma akiwa amesimama jikoni. Alijibu kwamba si yeye, ni mtandao.

Kesho yake alienda mjini kumwona Linet Chesang, mwenye duka la intaneti. Linet alifika Kibomet mchana huo huo na mfuko wa nyaya begani. Edinah alikuwa ameshatoa kitambaa na kupangusa rauta, ili fundi aone vizuri.

"Sasa, Mwalimu, ugonjwa uko wapi?"

"Inakatika. Tukizungumza kidogo tu, inakatika."

Linet aliunganisha kompyuta kwa waya, ikaenda. Akatoa waya, waifai ikaenda vilevile. Akazunguka nayo hadi jikoni, hadi chumbani, hadi nje kwenye kuku. Vimstari vya mtandao havikupungua. Alibadilisha masafa ya waifai, akisema labda yanagongana na ya jirani.

"Jirani ni Mbugua, na Mbugua hana hata redio," Edinah akasema.

"Basi ni mabati ya nyumba. Ama ni hiyo kampuni yako."

Jumapili ilipofika Hillary alipiga, sauti yake baridi. Ilipokatika, hakutuma hata ujumbe.

Edinah alimwita Linet tena. Kama mara ya kwanza, alitoa kitambaa mapema. Linet alikaa na kompyuta mapajani muda mrefu, akichezesha video za nyimbo za kwaya ili kuichosha rauta. Haikuchoka.

"Mwalimu, usikasirike," alisema mwishowe. "Hii kitu ni nzima. Ama ni huyo kijana wako anakata, bana, anasingizia wewe?"

"Hillary hawezi."

"Si na yeye anasema hivyo hivyo kukuhusu?"

Edinah alisema tu kwamba hakuna mgeni anayetoka nyumbani kwake bila chai, akaanza kutengeneza mahali. Aliondoa nyaya mezani, akanyoosha vitambaa vya makochi, akakirudisha kile cheupe juu ya rauta, akafunga mlango wa kabati. Akaleta chai ya maziwa na mandazi. Kwaya iliendelea kuimba. Walizungumza juu ya mama yake Linet, aliyekuwa na shida ya magoti. Linet alikuwa akichukua andazi jingine kwaya iliponyamaza katikati ya neno.

Alitazama kompyuta. Alitazama kabati. Akaenda akafungua, akaingiza mkono chini ya kitambaa, akautoa haraka.

"Uwi! Mwalimu, hii si rauta, hii ni kikaango! Umeivika sweta!"

"Vumbi..."

"Vumbi haiui kama joto. Na mimi kila nikija unaivua. Ningejuaje?" Linet alicheka hadi akaketi. Edinah alicheka pia, kidogo, akakunja kitambaa na kukirudisha juu ya redio.

Jumapili iliyofuata rauta ilikuwa mezani, peke yake, bila kitu. Hillary alipiga. Mvua, mahindi, magoti ya mama yake Linet. Kisha akauliza lile swali.

"Mama, walisema nini?"

Edinah alitazama taa za kijani. Alijikuta akizisubiri zizime. Ziliwaka tu. Hapo ndipo alipojua kwamba Jumapili zote zile, ilipokatika, alikuwa pia akishusha pumzi kwa nafuu.

"Walisema umepotea," alisema. "Baba yako mdogo alisema mbele ya kaburi kwamba Bramwel hana mtoto. Walinigeukia wote. Nilijua habari ya karatasi zako, mwanangu, na sikusema. Nilikuwa na hasira na wewe. Nilinyamaza."

Kompyuta ilikuwa kimya. Uso wa Hillary haukutikisika.

"Hillary? Imekatika?"

Aliona mkono wa mwanawe ukipanda na kufuta jicho.

"Haijakatika, Mama. Niko."

"Utachelewa kazini."

"Wacha nichelewe," alisema Hillary. "Nieleze yote. Anza asubuhi, mlipotoka Kitale."