Lempi Karppinen Afungua Usukani

Kijijini Kuikkaniemi hakuna aliyewahi kumwona Lempi Karppinen akikimbiza gari, na hakuna aliyewahi kumwona akichelewa. Kwa zaidi ya miaka thelathini aliendesha lori la maziwa, akizunguka alfajiri kutoka zizi moja hadi jingine, wakati wa theluji na wakati wa matope, na wafugaji walizoea kujua saa kwa mngurumo wa lori lake. Alipoanza kazi hiyo wanaume walimcheka. Walisema mwanamke mfupi namna ile hataona mbele ya usukani. Lempi alikalia mto, akaona mbele, na wanaume wakazoea.

Alipostaafu alibaki na gari dogo, kuukuu, la kijivu, ambalo alilipa jina la Mansikki, jina ambalo wazee wa huko huwapa ng'ombe wapole. Mumewe alikuwa ameshafariki, na binti yake Sinikka alikuwa na maisha yake mjini Oulu. Kwa gari hilo Lempi alimpeleka jirani yake, Oiva Huusko, hospitali ya mji wa Kajaani kila alipotakiwa kwenda kusafishwa damu, kwa kuwa figo za Oiva zilikuwa zimechoka.

Oiva angeweza kwenda kwa teksi. Alipangiwa, akaikataa.

"Dereva yule anaongea kama redio," alisema. "Nikifika hospitali nakuwa mgonjwa zaidi."

Basi wakawa wanakwenda wawili hao, mara wakikaa kimya njia nzima, mara wakitaniana mpaka kwenye mlango wa hospitali.

Siku moja ya mwezi wa tatu, wakirudi, walifika kwenye kona iliyo kando ya ziwa. Mchana jua lilikuwa limeyeyusha theluji ya juu, na sasa barabara ilikuwa imeganda tena, inang'aa kama kioo. Lempi alikata kona taratibu, kama alivyoikata maisha yake yote. Ghafla gari likajifunga breki upande mmoja, pua ikageukia ziwani, na kabla hajavuta pumzi wakawa wamejikita kwenye ukuta wa theluji kando ya barabara.

Kisha Oiva akasema, "Kama umenichoka, jirani, ungesema tu. Teksi ipo."

"Sikugusa breki."

"Sasa aligusa nani? Mimi?"

"Oiva, nakwambia sikugusa. Gari limejifunga lenyewe."

Oiva alimtazama usoni, akaona hatanii. Utani ukamwisha. Kwenye dashibodi taa ya njano ilikuwa inawaka, ile yenye picha ya gari linaloteleza.

Lempi hakuwa mtu wa kuogopa barafu. Aliwahi kulirudisha nyuma lori lililojaa maziwa kwenye mteremko mzima, kwenye kijia cha upana wa lori lenyewe, kisha akashuka na kuomba kahawa. Lakini siku zote lori lilipotaka kuteleza, viganja vyake vilijua kwanza. Usukani ulimwambia. Safari hii viganja havikuambiwa kitu, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Alitoa koleo nyuma ya gari, akachimba theluji, akamrudisha mgonjwa wake nyumbani kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Kesho yake alikwenda gereji mjini. Fundi, kijana mstaarabu aitwaye Urpo, aliunganisha kompyuta yake na gari, akasoma, akatikisa kichwa.

"Ni sensa ya usukani, mama. Kile kidude kinachoiambia kompyuta ya gari usukani umekatwa kiasi gani. Sasa kinadanganya. Wewe unakata kona kidogo, chenyewe kinasema unazunguka kama pia. Basi gari linafunga breki, linadhani linakuokoa."

"Kwa kunitupa ziwani."

"Ndiyo hivyo."

Alimweleza kwamba foleni ya gereji ilikuwa ndefu mpaka Pasaka ipite, na kwamba kazi yenyewe ingegharimu kuliko thamani ya gari. "Kusema kweli, mama, ningekuwa wewe ningeliacha lipumzike." Hakusema kwa dharau. Mtu yeyote anayejua hesabu angesema hivyo hivyo.

"Na nikifungua mwenyewe?"

Urpo akafuta mikono kwenye kitambaa. "Katikati ya usukani kuna mfuko wa hewa, ule unaolipuka ajali ikitokea. Hauna mchezo. Ungetakiwa utoe waya wa betri, uliache gari likae kwanza, ukanywe kahawa bila haraka. Ukishautoa huo mfuko, uulaze chali, wala usiuinamie. Na ndani kuna duara lenye utepe wa waya uliojikunja. Hilo lisizunguke hata kidogo usukani ukiwa nje. Likizunguka, siku ya kukata kona kali utepe utakatika."

"Asante sana, mwanangu."

"Sijasema ufanye, mama."

"Nimesikia ulichosema."

Sensa ilikuja kwa posta, kwenye kiboksi kidogo kama cha saa ya mkononi. Wakati wote wa kuisubiri Oiva alikwenda hospitali kwa teksi, na kila akirudi alipiga simu kulalamika. "Leo kanisimulia ndoa zake zote mbili. Na ya pili haijaisha, itaendelea Jumamosi."

Sinikka naye alipiga simu kutoka Oulu. "Mama, hicho kitu kitakulipukia usoni!"

"Nitautoa uso kwanza."

"Mama, sitanii."

"Na mimi sitanii, mwanangu. Nikishindwa nitaliacha. Lakini kwanza nijaribu."

Hakuwa amewahi kugusa mambo ya umeme wa gari. Injini alizijua, lori la zamani aliweza kulifungua na kulifunga tena pembeni ya barabara. Haya ya sensa na kompyuta yalikuja alipokuwa anakaribia kustaafu, na alikuwa amejiambia hayamhusu. Sasa alikaa mezani jikoni na kishikwambi alichopewa na Sinikka, akitazama video ya mwanamume mmoja wa Poland aliyekuwa akifungua usukani wa gari kama lake. Kipolandi hakukielewa hata neno moja. Alielewa mikono. Aliitazama mikono ile asubuhi, akaitazama baada ya chakula, akaisimamisha na kuirudisha nyuma, mpaka akawa anajua kidole kipi kitafuata.

Siku aliyoichagua, Oiva alikuja kwa kiti chake cha kutelezea thelujini, cha chuma chenye reli ndefu chini, akikisukuma kwa mguu mmoja juu ya theluji, shali shingoni. Gari lilikuwa kwenye zizi la zamani la kwa Lempi, jiko la kuni likiwaka pembeni. Oiva akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nimekuja kukuaga," alisema. "Kama utapaa, nataka nione."

"Kaa mbali na dirisha basi, mzee, nisije nikakupitia."

Lempi alinyoosha tairi zitazame mbele, akatoa waya wa betri, akaenda kunywa kahawa kama alivyoambiwa. Aliporudi alipenyeza bisibisi nyembamba kwenye tundu lililo nyuma ya usukani, upande mmoja kisha upande wa pili, akitafuta kijichuma cha kubana. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi. Alipapasa, akakosa, akapapasa tena, mpaka mfuko wa hewa ukaachia kwa mlio mdogo. Alichomoa plagi zake, akaubeba kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kichanga cha watu, akaulaza chali juu ya meza iliyo mbali.

Bolti ya katikati ilikataa. Alivalisha bomba refu kwenye spana, akamwita Oiva aushike usukani usizunguke. Oiva, mwenye mikono iliyobaki mifupa na ngozi, aliushika, akakunja uso. Lempi akaegemea. Kitu kikalia *kwaak*.

"Huo ni mgongo wako au bolti?" Oiva aliuliza.

"Bolti. Mgongo wangu unalia vingine."

Alipiga alama kwa kalamu ili usukani urudi pale pale ulipokuwa, akautikisa kulia na kushoto mpaka ukatoka. Akatoa lile duara la utepe kwa uangalifu, akaliweka juu ya kiti. Sensa ya zamani ikafuata. Ilikuwa kitu chepesi, cha plastiki nyeusi, na Lempi aliigeuzageuza kiganjani, akashangaa kwamba kilichowasukumia kwenye theluji ni hiki. Akaingia ndani kuleta kahawa na mkate mtamu wa iliki. Walikula, akafunga sensa mpya, akarudisha kila kitu kwa mpangilio wa yule Mpolandi, na mwisho akarudisha waya wa betri.

Kilichobaki kilikuwa kuuzungusha usukani mpaka mwisho wa kulia, kisha mpaka mwisho wa kushoto, ili sensa ijifunze. Kulia ulikwenda vizuri. Kushoto, kabla haujafika mwisho, Lempi alihisi kitu kidogo sana viganjani, kama uzi unaovutwa. Akasimama palepale.

"Vipi?" Oiva aliuliza.

"Kuna kitu kimekaza."

"Mimi sioni kitu."

"Hakionekani."

Akaurudisha usukani katikati na kuzima gari. Taa ya njano ilikuwa bado inawaka. Alimsindikiza Oiva mpaka njiani, akarudi akakaa juu ya ile ndoo, akijiuliza ni wapi alipokosea. Aliirudia kazi yote kichwani na hakupata. Akaanza kuamini kwamba huenda Sinikka alikuwa sahihi, kwamba kuna umri wa kuacha vitu.

Asubuhi, kabla hajamaliza uji, Oiva alikuwa mlangoni. Hakuvua kofia.

"Ni mimi," alisema.

"Naona ni wewe. Ingia, baridi."

"Hapana, sikiliza. Jana ulipokwenda kuleta kahawa, nilikizungusha kile kiduara. Kidogo tu. Nilitaka kuona kinazungukaje."

Lempi akaweka kijiko chini. "Kidogo kiasi gani?"

Oiva akatazama viatu vyake. "Kidogo... mara mbili hivi."

"Mara mbili! Na ukaniacha nilale nikidhani nimezeeka?"

"Niliona aibu, Lempi. Mtu ananibeba mwaka mzima, halafu mimi namharibia gari. Ningesemaje?"

Lempi alimwangalia mzee yule amesimama na kofia yake ya manyoya, masikio yamewiva kwa baridi, na kicheko kikampanda kutoka mbali, mpaka akashika meza. Furaha yake ilikuwa kubwa kuliko hasira. Hakukosea.

"Kunywa kahawa," alisema. "Halafu leo utakalia mikono yako."

Na kweli aliikalia. Lempi alifungua kila kitu upya. Safari hii vidole vilijua njia. Alilizungusha duara taratibu mpaka likagoma upande mmoja, akalirudisha mpaka likagoma upande wa pili, kisha akalisimamisha katikati kabisa na kulibana kwa selotepu, akaiondoa dakika ya mwisho usukani ulipokuwa unaingia. Kulia, mpaka mwisho. Kushoto, mpaka mwisho. Viganja vilikuwa kimya, kimya cha raha. Wakatoka polepole hadi barabarani, wakanyoosha, na kabla hawajafika kwenye sanduku la barua la kwa Oiva taa ya njano ikazimika.

Mtu mwingine angegeuza arudi nyumbani. Lempi aliteremkia ziwani, ambako maji yalikuwa yameganda kiasi cha kubeba gari, kwenye barabara ya barafu iliyokuwa imesafishwa theluji, pana na tupu.

"Unaenda wapi?" Oiva aliuliza.

"Kama litanidanganya, linidanganye hapa, pasipo na mtu."

Akakanyaga mafuta, akakata usukani kwa makusudi. Mkia wa gari ukaanza kuondoka, na papo hapo chini ya miguu yao kukasikika tatatatata, tairi moja ikashikwa kidogo, nyingine ikaachiwa, na Mansikki akanyooka kama aliyevutwa kamba kwa upole. Lempi akarudia upande wa pili. Akanyooka tena.

"Tena!" Oiva alipiga kelele, ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. "Tena, mama, tena!"

Alhamisi walikwenda Kajaani. Lempi alikaa kwenye korido na kufuma soksi kama kawaida, na kupitia mlango ulioachwa wazi alimsikia Oiva, yule asiyependa watu wanaoongea, akiwasimulia wagonjwa wenzake wote waliolala kwenye mashine. Aliwaeleza habari za mfuko unaolipuka, za bolti iliyolia, na za mzee mmoja mjinga aliyezungusha asichokijua.

"Na yeye alisikia kwa viganja," alikuwa akisema. "Mimi nipo pale pale, sikuona kitu. Yeye akasema, kimekaza. Akasimama. Angeendelea kidogo tu, kazi yote ingeharibika."

Chumba kikacheka, kisha muuguzi mmoja akatoa kichwa mlangoni kumtazama huyo mtu mwenyewe. Lempi aliinamia soksi yake, akahesabu mishono aliyokwisha kuihesabu, na masikio yake yakawa mekundu.