Siku Hamisi Alipokosa Swali Kizimbani

Nakumbuka siku ile kortini, mjukuu wangu, na waliokuwapo nawakumbuka wote. Kizimbani alisimama Hamisi, mtoto wa mdogo wangu Mejumaa. Mejumaa mwenyewe alikaa ubavuni pangu, na ubavuni pake kaka yetu Bakari, mjomba mtu. Shahidi alikuwa Mzee Chirema wa Kinondo, mlinzi, rafiki wa marehemu baba yake Hamisi. Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea mwisho.

Hamisi alikuwa akitunza bustani kwenye nyumba ya wageni huko Diani. Pampu ya kisima, ile ya injini, ikapotea, kisha ikaonekana vichakani nyuma ya ua. Mzee Chirema akaapa kwamba alimwona Hamisi akitoka nayo begani, peke yake. Kwa neno hilo tu mtoto angefungwa.

Hakimu akamwuliza, "Una swali kwa shahidi?"

Hamisi akainamisha kichwa. "Sina, mheshimiwa. Huyu ni baba yangu."

Ndivyo tulivyowalea: mtu mzima hahojiwi. Bakari akainuka amsemee mpwawe, kama afanyavyo mjomba kwetu kwenye kikao cha wazee. Akaambiwa akae, yeye si wakili. Akakaa. Mimi nikasimama.

"Mama, kaa chini!" askari akanifokea.

"Sikai! Mjomba mmemnyamazisha, mtoto ana haya. Nani atamsemea? Kuta hizi?"

"Utalala ndani leo, bibi."

"Nitalala! Lakini, mheshimiwa, mpe siku atafute wakili."

Hakimu akaahirisha kesi. Njiani Bakari akawa ananung'unika, "Wakili wa nini, na mimi nipo?"

"Upo, ndiyo," nikamwambia. "Umekalishwa."

Tulimpata wakili, binti mmoja wa Mombasa, mwembamba, mwenye miwani. Siku ya kesi hakupiga kelele. Pampu ilikuwa pale sakafuni, kama siku ya kwanza.

"Shikamoo, mzee," akamwambia Chirema. "Hebu iweke begani, kama ulivyomwona Hamisi."

Chirema akainama, akavuta, mishipa ikamsimama shingoni. Pampu haikubanduka. Hakimu akamwita askari mwenye kifua kipana, naye akaifikisha magotini tu. Chirema akabaki akipangusa jasho. Hakimu akamwachia huru, na jioni ile Hamisi tulirudi naye nyumbani Msambweni.

Basi, mwanangu, ukishtakiwa, hata ukiwa safi, usisimame peke yako. Usiniambie ukweli utajisemea. Ulikuwa pale sakafuni, na hakuna aliyeuuliza. Adabu yako nyumbani usiiache, lakini kortini tafuta wakili wako mwenyewe, mtu ambaye kazi yake ni kuuliza. Jamaa, changeni mapema, msingoje hukumu. Na wakikwambia mwenye wakili ndiye mwenye hatia, waambie bibi yako amesema ni uongo.

Mwenyezi Mungu akuepushe na pingu, na mtihani ukikufika, akujaalie wa kukusemea. Kama nimemkosea mtu jina au udugu, aliyekuwapo anisahihishe. Nasaha yenyewe siibadilishi.