Siku Mota Ilipopumzishwa

Pechiammal hakujua kufanya jambo nusunusu. Sikukuu ya kupumzisha vifaa vya kazi ilipofika, wenzake wa kikundi waliweka ua moja kwenye cherehani, wakaenda kula. Yeye aliizima mota ya bwawa la spirulina, mwani wa kuliwa, akaiosha, akaivisha shada, akaipaka doa jekundu la kumkumu, unga wa ibada. Mota ile ndiyo iliyolipokonya bega lake bovu kazi ya kukoroga maji, na shukrani zake hazikuwa za mdomoni. Kisha akapaka ndoo, chujio, hata mafagio ya kukorogea umeme ukikatika. Kilichopakwa hakiguswi mpaka kesho.

"Nisogee, nisije nikapakwa na mimi," alisema Selvarani, mke wa mwanawe.

"Njoo nikupake ulimi, nao upumzike."

Miaka yote sikukuu hiyo huja na mawingu. Safari hii jua lilitoka kama lina kesi na mtu. Mchana mwani wote ulikuwa umepanda juu, umetanda kama utando wa maziwa, na pembeni umeanza kupauka. Ukiungua, bwawa zima linaoza, na akina mama wa kikundi wanakaa bure mpaka ukue mwingine.

"Washa mota, Mama. Mungu ataelewa."

"Mungu, sawa. Mimi je, nitajielewa?"

"Basi fagio."

"Limepakwa."

"Nani alikutuma kupaka mafagio?"

Pechiammal alinawa mpaka mabegani, akapiga magoti ukingoni, akatumbukiza mikono. Utando ukapasuka, maji ya chini yakapanda, mazito na ya baridi. Akajongea, akasukuma tena.

"Na hiyo mikono si vifaa?" Selvarani aliuliza.

Pechiammal akaacha kusukuma, akaitazama. Mikono ilikuwa kijani hadi viwikoni. Maisha yake yote alikuwa amepumzisha majembe, mapanga, mashine za watu. Hii hakuwahi hata kuifikiria. Wazo hilo lilimuuma kuliko bega.

"Mwaka ujao nitaipaka," alisema.

"Mwaka ujao wa nani? Hebu sogea huko." Selvarani alishavua bangili, akapiga magoti ng'ambo ya pili.

"Siyo hivyo, unayarudisha maji! Sukuma upande ninaosukumia mimi."

Wakazunguka, mmoja huku, mwingine kule, wakigombana. Baadaye Selvarani alitoa mikono apumue, na maji yakaendelea kwenda yenyewe, yakiubeba mwani chini. Pechiammal alipoyaona, naye akaitoa mikono yake, akakaa kitako ukingoni, ameiweka mapajani ipumzike.

"Tusubiri maji yasimame," alisema. "Hatuna haraka."