Mkeka Mama wa Dulamragchaa

Wifi yangu Dulamragchaa hajui kupika chai. Chai yetu huku hutiwa chumvi, naye anaimwaga tu, na nimemwambia hivyo miaka arobaini. Lakini kwa mikeka ya sufu, bonde zima hili hakuna wa kumfikia, na mimi simsifu mtu ovyo.

Hema zetu zimevikwa mikeka hiyo, ukuta mpaka paa. Na mkeka mpya hautengenezwi juu ya nyasi tupu. Unatandika kwanza wa zamani, tunauita mama. Unapanga sufu juu yake, unanyunyiza maji, unaviringisha vyote kwenye gogo, unafunga kwa ngozi, halafu farasi anavuta huku na huku mpaka sufu ishikane. Ukifungua, binti kazaliwa. Binti akitoka vizuri, siku moja naye anakuwa mama.

Mkeka mama wake Dulamragchaa aliachiwa na mama yake mzazi, naye mzazi aliachiwa na wake. Sisi wengine tulishaikata ya kwetu. Mimi wangu nilishonea soksi za viatu. Ujinga wangu huo, sijajisamehe. Ukabaki huo mmoja, na wenyewe ulishakuwa mwembamba, ukiuinua unaliona jua. Mwaka mwingine usingefika. Binti wa mwaka huu ndiye wa kurithi. Asipofaa, basi, twende wote tukanunue vitambaa vya kiwandani mjini Ulaanbaatar, upepo unapita kama mlangoni.

Siku yenyewe tumeshalowesha sufu, wingu likatokea nyuma ya mlima, jeusi, la mvua ya mawe. Na farasi hayupo. Bazarsad, mwana wa wifi, alikuwa amemfungulia alfajiri akaenda zake malishoni. Eti alisahau.

"Mama, nitavuta kwa pikipiki."

"Pikipiki ina miguu?"

"Ina mwendo."

"Ndicho ninachokiogopa."

Maana ukikimbiza gogo, sufu yote inahamia upande mmoja.

"Shangazi, mwambie basi!"

"Nimwambie nini? Kwamba kazaa mvivu? Analijua."

Dulamragchaa akalitazama wingu. Kisha akapanda nyuma ya pikipiki, na miaka yake sabini, fimbo mkononi.

"Mwendo wa farasi. Ukizidisha nakuchapa."

Wakaenda. Kila pikipiki ikinguruma, fimbo inalia mgongoni kwa Bazarsad. Tungecheka, ila wingu lilishafika juu yetu. Mzunguko wa tano. Wa tisa. Mawe ya kwanza yakaanguka, Bazarsad akashtuka, akakata kona kwa kasi. Gogo likaruka, likagonga mwamba, kamba ikakatika.

Tukapiga magoti tukafungua. Mkeka mama kachanika ukingoni, urefu wa mkono mzima. Binti upande mmoja mnene kama mkate, upande wa pili utando wa buibui.

"Utafaa kwa zizi la ndama," Bazarsad akasema.

Mama yake akaanza kumchambua binti kwa vidole, fungu kwa fungu, kabla sufu haijakauka, mawe yanampiga mgongoni. Mimi nikaukimbiza mkeka mama hemani chini ya joho langu. Jioni wifi akaushona ule mchaniko kwa uzi wa manyoya ya ngamia, kila mshono anaurudia mara mbili, na nikaona vizuri kwamba anaogopa.

"Nikusaidie nini, mama?" Bazarsad akauliza.

"Kalete farasi."

Akaenda kwa miguu. Sisi tukakesha na sufu, tukiipiga fimbo upya mpaka ilainike. Akarudi kesho yake mchana, anamvuta farasi kwa kamba, viatu vimepasuka. Tukapanga tena juu ya yule mama aliyeshonwa. Farasi akavuta polepole mpaka jua likainama.

Tulipofungua, mama alitoka vipande vinne. Dulamragchaa akampapasa binti kwa kiganja, pembe hadi pembe, macho kayafumba. Akarudia. Akarudia tena.

"Huyu anafaa," akasema, akakaa chini.

Bazarsad akaniangalia, meno nje. "Umeona, shangazi?"

"Nimeona. Umechelewa siku nzima."