Padre Aliyebaki na Kimongolia

Mwaka 2006 nilikuwa nikiosha wazee katika nyumba ya mapadre wastaafu hapa Brussels. Nilitoka kwangu, mtaa wa Koekelberg, kabla hakujapambazuka, nikarudi miguu imevimba. Miaka ile mgongo wangu haukunisamehe hata kidogo. Kuna siku nilisinzia nimesimama, kitambaa kiko mkononi.

Mzee wa chumba cha mwisho alikaa ujana wake kwa Wamongolia, kaskazini mwa China, hadi mapadre wa kigeni walipofukuzwa. Alirudi na makasha ya kadi alizoandikia maneno ya watu wale kwa herufi zao. Nikimkata kucha, alinifundisha kwa Kifaransa mambo ambayo sikumwomba: kwamba Wamongolia wa kale waliita nyota hodun, kisha ile h ya mbele ikadondoka, na siku hizi watu wa mjini wanasema od tu.

"Neno linaisha mdomoni kama sabuni," nikamwambia. Alicheka hadi akakohoa.

Maandishi yao ya zamani, yanayoteremka toka juu kwenda chini, yalitunza sauti nyingine ambazo midomo ilikwisha kuzimeza. Nami nikamweleza kuwa kwetu Bukavu tunasema muntu, na Watanzania wanatucheka. Akainua kidole: "Usikubali. Wao ndio waliolikata, likabaki mtu." Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Kisha akapigwa kiharusi. Kifaransa kikamtoka, Kiflemi cha mama yake nacho kikamtoka, akabaki na Kimongolia. Kila asubuhi, nikimgeuza ubavuni ili nimwoshe mgongo, alisema maneno yale yale, macho yake kwenye macho yangu. Nami nilijibu, "Oui, papa," ndiyo baba, huku nikipangusa.

Mwenzangu wa kazi, mtu wa Lubumbashi, alichoka nasi wote wawili. "Maman, unamujibu nini? Ule muzee anaongea bure, il délire. Bon, tumalize, kuko bazee douze, kumi na mbili bengine, banatungojea."

Nilimaliza. Lakini kwenye basi yale maneno yalinifuata. Yeye alikuwa akiniambia mimi jambo, si ukuta, na nilitaka kulijua kabla hajafa.

Mwezi wa tatu wa hali hiyo akaajiriwa dada mmoja wa kufua nguo. Sote tulimwita Mchina, hata mimi ninayekasirika nikidhaniwa Msenegali. Asubuhi moja alileta mashuka wakati namgeuza mzee. Mzee akasema yake. Yule dada akasimama mlangoni, mashuka yakamponyoka.

"Mbona unafanya hivyo?" nikamuuliza.

"Hiyo ni lugha yetu," akasema kwa Kifaransa chake cha taratibu. "Mimi natoka Ulaanbaatar."

Nilimvuta ndani kwa mkono. Kwanza nikampa kadi, nikidhani zitamsaidia. Akazigeuza huku na huku, hakusoma hata moja: kwao herufi za Kirusi ziliingia kabla mama yake hajazaliwa. Basi nikamwomba asikilize. Aliinama, akauliza, mzee akajibu, akauliza tena. Akaniambia kwamba maneno mengine mzee anayatamka kama bibi yake yeye, mengine yeye hajawahi kuyasikia. Mzee alikuwa akilia machozi, ameshika mkono wa yule dada wenye harufu ya sabuni ya unga.

Mimi nilingoja sala. Au wosia, au jina la mtu aliyemwacha kule.

Dada yule akanyanyuka, hakunitazama usoni.

"Anasema paja la kushoto linamuuma sana. Anakuomba usimlaze upande huo."

Kwa miezi mitatu, kila asubuhi, nilikuwa nimemlaza upande huo huo. Niliona haya hadi nikakosa pa kuweka mikono. Mwishowe nikaipitisha chini ya mabega yake, nikamgeuza polepole kwenye ubavu wa kulia, nikaanza kumwosha.

Akafumba macho. Asubuhi ile hakusema neno tena.